Kinondoni Haikukimbiwa: Namna Programu Zinavyopanga Data Kabla ya Modeli

Chukua jedwali la Sensa ya 2012 la Mkoa wa Dar es Salaam, liweke kando ya lile la 2022, kisha iambie kompyuta ikutafutie ongezeko la watu kwa kila wilaya. Ilala itapanda kutoka 1,220,611 hadi 1,649,912, na mkazi yeyote wa Chanika au Kivule atakubali bila kubisha. Kinondoni itashuka kutoka 1,775,049 hadi 982,328. Watu 792,721 wametoweka! Temeke nayo imepungua, kutoka 1,368,881 hadi 1,346,674. Papo hapo zimechomoza Ubungo yenye watu 1,086,912 na Kigamboni yenye 317,902, ambazo mwaka 2012 hazionekani kabisa.

Hakuna aliyekimbia. Kati ya sensa hizo mbili, Ubungo ilimegwa kutoka Kinondoni na Kigamboni ikamegwa kutoka Temeke. Jumlisha Kinondoni na Ubungo za 2022, unapata 2,069,240, yaani ongezeko la 294,191. Temeke na Kigamboni kwa pamoja zina 1,664,576. Mkoa mzima umetoka 4,364,541 hadi 5,383,728. Mwenyeji wa jiji anayajua haya bila kuambiwa, ila programu haijui. Itajumlisha, itagawanya, itakuchorea mstari mzuri wa rangi ya bluu unaoteremka, na ukiuingiza kwenye modeli ya mahitaji ya maji au madarasa utapewa jibu lenye desimali nne ambalo halina ukweli hata chembe.

Wanaoanza takwimu huuliza watumie Excel, SPSS, Stata, R au Python. Ni swali la haki na nitalifikia. Lakini linatanguliwa na jingine ambalo hakuna programu inayoweza kukujibia: mstari mmoja wa jedwali lako ni nani, au ni nini?

Modeli hupokea mstatili

Modeli ya takwimu, iwe regresheni ya kawaida (hesabu ya namna kigeu kimoja kinavyobadilika pamoja na vingine) au mitambo mikubwa ya kujifunza kutoka kwenye data, hupokea kitu kimoja: mstatili wa namba. Mistari iliyolala ni vitu unavyovichunguza, kama kaya, mtu, safari au bei ya siku. Safu zilizosimama ni vigeu, kama umri, kipato au umbali. Kila kisanduku kina thamani moja tu. Wazo hili lina mizizi katika kazi ya Edgar Codd wa IBM, aliyeweka msingi wa hifadhidata za majedwali mwaka 1970, na mwaka 2014 Hadley Wickham, mtakwimu mzaliwa wa New Zealand, akaliandikia makala kwa ajili ya watu wa takwimu. Yeye huita data za namna hiyo data nadhifu.

Linasikika jepesi mpaka ukutane na faili la ofisini. Tuseme shirika dogo linafuatilia bei ya maharage katika masoko ya Tandale, Mabibo, Buguruni na Temeke Stereo. Faili lao lina miezi 12 inayoshuka upande wa kushoto na masoko manne juu, kila soko na safu yake. Kichwa kimeunganishwa visanduku vyote: "BEI YA MAHARAGE". Visanduku vya njano ni bei za kukadiria kwa sababu siku hiyo mdadisi hakufika sokoni. Mstari wa mwisho ni wastani.

Bosi analisoma faili hilo kwa sekunde tano na anaridhika. Kwa modeli ni balaa. Kichwa kilichounganishwa kinavuruga majina ya safu. Rangi ya njano haivuki kwenda kwenye programu nyingine, kwa hiyo makadirio na bei halisi vinakuwa kitu kimoja. Mstari wa wastani unahesabiwa kama mwezi wa 13. Na kubwa kuliko yote, "soko" ni kigeu kimoja ambacho kimepasuliwa safu nne, kwa hiyo huwezi kuiuliza modeli kama soko lina athari kwenye bei. Hakuna safu inayoitwa soko.

Dawa yake ni kulirefusha jedwali. Badala ya mistari 12 yenye safu nne za bei, unakuwa na mistari 48, kila mmoja ukiwa na mwezi, soko, bei, na safu ya ziada inayosema kama bei ni ya kukadiria. Stata wanaifanya kwa amri ya "reshape", R kwa "pivot_longer", na kifurushi cha pandas cha Python kwa "melt". Ni mstari mmoja wa amri. Kwa mkono, kwa kunakili na kubandika, ni asubuhi nzima, tena kwa dua usiruke kisanduku.

Debe, sado na saa mbili

Hapa ndipo vitabu vingi vya kigeni vinapotuacha njiani. Mifano yao huwa na bei kwa kilo, na kilo ni kilo. Kwetu mahindi yanapimwa kwa debe na gunia, nyanya kwa tenga, sado au fungu, mkaa kwa gunia na kopo. Wakala wa Vipimo wanaipiga vita lumbesa, lile gunia lililoshonewa kilemba juu, lakini ukiona "gunia" kwenye faili la bei huwezi kujua kama lilikuwa na kilemba au la. Hata sado si moja: muuzaji mmoja analijaza mpaka linamwagika, mwingine analisawazisha kwa kiganja.

Kosa la kawaida ni mdadisi kubadili kichwani na kuandika kilo papo hapo. Ikishakuwa hivyo huwezi kurudi nyuma. Andika alichokuambia muuzaji, yaani namba kwenye safu moja na jina la kipimo kwenye safu nyingine, halafu tengeneza jedwali la pili la ubadilishaji. Jedwali hilo lazima liwe na zao pamoja na kipimo, kwa sababu debe la mahindi na debe la mkaa havina uzito mmoja. Ukigundua mwezi ujao kwamba ulikosea uzito wa sado la nyanya, unarekebisha kisanduku kimoja na hesabu zote zinajipanga upya.

Saa nayo inaponza watu wengi, wasomi wakiwemo. Unachunguza safari za abiria wa Mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni. Abiria anasema alitoka nyumbani saa mbili asubuhi. Mdadisi mmoja anaandika "saa 2", mwingine "08:00", wa tatu "2:00". Programu zote nitakazozitaja zinahesabu siku kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo 2:00 kwao ni saa nane za usiku, na modeli yako itagundua kundi la abiria wanaopanda basi wakati mabasi yamelala. Kuongeza saa sita kwenye kila jibu hakutoshi: saa 11 ni 05:00 ikiwa alfajiri na 17:00 ikiwa jioni. Zinahitajika safu mbili, ya saa na ya sehemu ya siku, kisha programu ndiyo ifanye ubadilishaji. Ukiwa na namba peke yake, hakuna fundi atakayekusaidia.

Lahajedwali, rafiki mwenye kiherehere

Siwabezi wanaotumia Excel. Kwa kuingiza data chache, kuzikagua kwa macho na kumwonyesha mtu asiyejua takwimu, sijaona kinachoizidi. Tatizo lake ni kiherehere: inabadilisha vitu bila kuombwa. Namba ya simu inayoanza na 07 inapoteza sifuri yake ya mbele. Msimbo wa "3-4" unageuzwa tarehe. Wanasayansi wa vinasaba walisumbuliwa sana na tabia hiyo, kwa sababu vinasaba vyenye vifupisho kama SEPT2 na MARCH1 vilikuwa vinageuka tarehe za Septemba na Machi, hadi kamati inayosimamia majina ya vinasaba ikaamua kuyabadili. Wanasayansi wakahama, Excel ikabaki na mazoea yake (miaka kadhaa baadaye ndipo ikaweka njia ya kuyazima).

Ukomo wake pia unafahamika. Faili la kisasa la Excel lina mistari 1,048,576. Lile la zamani linaloishia na .xls lina 65,536. Uingereza ilijifunza tofauti hiyo kwa gharama mwaka 2020, pale wagonjwa 15,841 wa korona walipokosekana kwenye takwimu za kila siku kwa sababu majibu ya vipimo yalipitishwa kwenye faili la aina ya zamani. Mistari iliyozidi ilikatwa, na ufuatiliaji wa watu waliokutana na wagonjwa hao ukachelewa.

Udhaifu mkubwa zaidi ni kwamba lahajedwali halina kumbukumbu ya ulichokifanya. Ukifuta mstari, ukahamisha safu, ukapanga upya bila kuchagua safu zote, hakuna mahali palipoandikwa. Msimamizi akikuuliza baada ya miezi sita kwa nini kaya 14 hazipo, utamwangalia tu.

Tabia za programu mbele ya jibu lililokosekana

SPSS ilianza 1968, SAS (programu nyingine ya takwimu) 1976, Stata 1985. R ilitengenezwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, kwa kufuata lugha ya S iliyozaliwa Bell Labs, na toleo lake la 1.0.0 lilitoka mwaka 2000. Pandas ilianzishwa na Wes McKinney mwaka 2008 akiwa kwenye kampuni ya uwekezaji. Zote zina kitu cha msingi kilekile, jedwali lenye safu zilizopewa majina ambamo kila safu ina aina yake. Zinatofautiana kwa tabia, na tabia hizo huonekana wazi zaidi pale jibu linapokosekana.

Kwenye dodoso ni kawaida kuandika 99 mtu asipojua umri wake. Una watu wanne: miaka 20, 30, 40, na mmoja wa 99 asiyejua. Usipoiambia programu kwamba 99 ni pengo, wastani unakuwa 47.25 badala ya 30. SPSS na Stata hukuruhusu kutangaza pengo, nazo zinahifadhi lebo za misimbo vizuri. Ndiyo maana mafaili mengi ya tafiti za kaya husambazwa kwa umbo lao.

Ukishatangaza, kila programu ina jambo lake. R ukiiomba wastani wa safu yenye pengo hata moja inakataa na kukurudishia pengo, mpaka uiambie waziwazi iyaruke. Inakera, lakini naipenda kwa hilo. Pandas huyaruka kimyakimya na kukupa 30, ila kwa kawaida pengo likiingia kwenye safu ya namba nzima huigeuza safu yote kuwa ya desimali, na kitambulisho 5 kinakuwa 5.0. Stata ndiyo yenye mtego mbaya zaidi: kwake pengo ni kubwa kuliko namba yoyote. Ukiomba watu wenye umri zaidi ya 60, wasiojulikana umri wote wanaingia kundi la wazee.

Kisha unafika kwenye regresheni, na programu hizi kwa kawaida hutupa mstari mzima wenye pengo katika kigeu chochote kinachotumika. Ulikusanya kaya 600, modeli imetumia 410, na ripoti inaendelea kusema 600. Angalia idadi hiyo kila mara. Mara nyingi huwa imeandikwa palepale kwenye majibu.

Makundi kuwa namba

Modeli haijui Temeke. Inajua sifuri na moja. Ukizipa halmashauri tano za Dar es Salaam misimbo kuanzia 1, Jiji (yaani Ilala), hadi 5, Kigamboni, kisha ukaiacha safu hiyo iwe ya namba, modeli itaamini kwamba Kigamboni ni mara tano ya Jiji na kwamba kutoka Kinondoni kwenda Temeke ni hatua moja yenye ukubwa uleule popote. Kinachotakiwa ni safu za ndiyo na hapana: je, kaya hii iko Kinondoni? Iko Temeke?

Safu hizo ziwe nne kwa halmashauri tano. Ile ya tano, tuseme Jiji, inakuwa kituo cha kulinganishia. Ukiziweka zote tano pamoja na namba ya msingi ya modeli (intercept, ambayo ni safu yenye 1 kwa kila mstari), safu hizo zikijumlishwa zinatoa 1 kwa kila mstari, sawasawa na safu ya namba ya msingi, na hesabu haiwezi tena kutenganisha athari ya kipi ni ya kipi. R hufanya jambo hili yenyewe mara ikijua safu ni ya makundi. Pandas hukutengenezea zote tano mpaka uiagize iache moja. Wengi wanaohama kutoka R kwenda Python hujikwaa hapo.

Kuunganisha majedwali

Tafiti kubwa haziji kwenye faili moja. Utafiti wa taifa unaofuatilia kaya zilezile, ulioanza 2008/09 chini ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu, una faili la kaya, la watu ndani ya kaya, la mashamba, na mengine mengi. Hapo lile swali la mstari mmoja linarudi kwa nguvu. Ukitaka kujua kama elimu ya mtu inahusiana na aina ya nyumba anayoishi, mstari ni mtu, na taarifa za nyumba zinarudiwa kwa kila mtu wa kaya hiyo. Ukitaka matumizi ya kaya kwa mwezi, mstari ni kaya, na watu sharti wafupishwe kwanza: idadi yao, umri wa mkuu wa kaya, watoto wangapi. Ukichanganya ukajumlisha matumizi kwenye jedwali la watu, kaya ya watu wanane inahesabiwa mara nane.

Muunganiko huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni majina yasiyofanana: "Kariakoo", "K/koo" na "kariakoo " yenye nafasi tupu mwishoni ni mahali patatu kwa kompyuta. Tumia misimbo rasmi ya maeneo, majina yabaki kwa ajili ya kusomeka. Ya pili ni marudio. Jedwali la ubadilishaji likiwa na "debe, mahindi" mara mbili, kila bei ya mahindi ya debe itajitokeza mara mbili, na hutaona ujumbe wa kosa. Stata ni kali hapa: lazima useme mapema kama muunganiko ni wa mmoja kwa mmoja au wengi kwa mmoja, na ikikuta kinyume inasimama, tena inakuachia safu inayoonyesha ni mstari upi uliokosa mwenzake. Pandas inaweza kukagua hivyohivyo, ukiiomba. Kifurushi cha dplyr cha R, usipokiambia unatarajia uhusiano gani, huonya tu pale marudio yakiwa pande zote mbili.

Hata mpaka wa wilaya hutibiwa kwa muunganiko. Unaandika jedwali dogo la safu mbili: wilaya ya 2022 na wilaya ya 2012 ilimotoka. Ubungo inaelekezwa Kinondoni, Kigamboni inaelekezwa Temeke, nyingine zinajielekeza zenyewe. Unaunganisha, unajumlisha kwa mipaka ya 2012, na ulinganisho unakuwa wa haki. Mistari mitano tu, na ni kazi ya mtu anayeijua Dar.

Ukubwa

Watu huogopa ukubwa wa data mapema mno. Namba moja kwa kawaida inachukua baiti 8, hivyo mistari milioni moja yenye safu 20 ni MB 160, na kompyuta ya GB 8 inaimudu bila jasho. Ungekuwa na mstari kwa kila mmoja wa watu 61,741,120 waliohesabiwa mwaka 2022, safu hizohizo 20 zingefika karibu GB 9.9, hapo ndipo DuckDB, hifadhidata iliyozaliwa katika taasisi ya utafiti ya CWI huko Amsterdam, na mafaili ya Parquet (yanayohifadhi data safu kwa safu) vinapokuwa na maana, kwa sababu husoma zile safu unazozihitaji tu. Dodoso zako 300 hazihitaji lolote kati ya hayo.

Basi nichague ipi?

Usafi unaanzia kwenye ukusanyaji. Makarani wa sensa ya 2022 walitumia vishikwambi (vilevile vilivyogawiwa walimu baadaye), na faida yake kubwa kuliko kasi ni kwamba kifaa kinaweza kukataa umri wa miaka 230 mhojiwa akiwa bado amekaa mbele yako. Mwanafunzi anapata uwezo huohuo kwenye simu yake kwa ODK au KoboToolbox, na mafaili ya dodoso yanaandikwa kwenye lahajedwali la kawaida. Weka machaguo ya sehemu ya siku na ya vipimo humo humo.

Kwa uchambuzi, Stata inafaa ukifanya kazi na tafiti za kaya na kuna mtu wa kulipa leseni. SPSS naiona imebaki kwa mazoea ya vyuo. Ile isiyo na leseni inayozunguka kwenye flashi mara nyingi huja na virusi, na ukibonyeza menyu bila kuhifadhi amri zake unarudi kwenye tatizo lilelile la Excel la kutokuwa na kumbukumbu. Ukitaka menyu bila malipo, jamovi ipo, nayo inaendeshwa na R kwa chini. Python ni chaguo zuri ikiwa kazi yako itaishia kwenye mfumo wa kompyuta, kama programu ya simu au huduma ya mtandaoni.

Kwa mwanafunzi wa Mlimani au wa Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika pale Changanyikeni mwenye tasnifu ya kuandika, ningesema R. Faili la asili likae kwenye folda yake na lisiguswe kamwe. Kila badiliko liandikwe kwenye faili la amri, pamoja na sentensi moja ya sababu. Vifurushi vinavyohitajika ni vichache: tidyr na dplyr kwa kupanga, haven kwa kusoma mafaili ya Stata na SPSS, readxl kwa ya Excel. Vipakue vyote siku moja kwenye Wi-Fi ya chuo, uokoe bando. Baada ya hapo R inafanya kazi bila intaneti.